Ungo wa Wifi Jukwaani

Ungo wa wifi yangu ulipandishwa jukwaani, naye mwenyewe akabaki chini ameinama. Aliyeupandisha ni mratibu wa mradi wa plastiki, mwanamume wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliuinua kwa mikono miwili, juu kabisa, ili hata waliosimama nyuma ya uzio wauone, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hicho ndicho kilichoharibu kazi ya wataalamu. Watu wakacheka. Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi katika umri huu, hata kwa mengine yaliyonitoa machozi, maana nilifundishwa kushukuru tangu nikiwa binti katika shule ya wainjilisti. Kwa kicheko kile sijashukuru bado. Naandika haya nikiwa na hasira, na msomaji asidhani ni hasira ya kupita.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Amenizidi umri, na sote wawili ni wajane. Tunaishi boma moja katika kijiji ambacho mtu akitoka asubuhi kwa baiskeli anafika Nduguti kabla jua halijawa kali. Yeye hakusoma sana, mimi nilisoma kidogo, na kwa sababu hiyo huniita "msomi" kila ninapounguza mboga. Nami humwita "mke wa jua", kwa kuwa nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa, pana na laini kama sakafu, na juu ya jiwe hilo ndipo anaposhinda tangu mvua zinapokatika.

Kazi yake ni kuanika. Mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, vipande vya viazi, vyote hupita mikononi mwake. Kila mwanamke hapa anajua kuanika, lakini mboga za wifi hazibadiliki rangi wala hazishiki ukungu, hata zikikaa mpaka mvua za mwaka unaofuata. Anajua ni lini jiwe limepata moto wa kutosha na ni lini limezidi, na mboga za kugeuzwa mara kwa mara huziweka kwenye ungo wake mpana aliousuka mama yao. Wanawake humletea majani mabichi kwa vikapu, yeye huyaanika na kubaki na fungu lake. Kwa fungu hilo amekula, amevaa, na ametoa sadaka. Kijijini husemwa kwamba mkono wa mama yule hauozeshi.

Basi mradi ulipokuja, nilifurahi kuliko wengi. Kwetu alizeti hailimwi kwa kubahatisha. Mtu akisimama mahali palipoinuka wakati wa maua, anaona njano mpaka macho yanachoka. Lakini baada ya kukata vichwa, mabua hubaki shambani. Ng'ombe huyatafuna kidogo na kuyaacha, mengine huchomwa, na wifi huchukua majivu kidogo ya kutengenezea magadi ya mlenda. Wataalamu walitueleza kwamba ndani ya mabua yale kuna nyuzi. Ukiyapika na dawa kali, ukayafua mpaka yakawa meupe, kisha ukayasaga pamoja na maji kwenye mashine ya mawe tena na tena, nyuzi hizo hupasuka na kupasuka hadi zinakuwa nyembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Kinachotoka ni kama uji mweupe, mzito, unaotetemeka ukigusa ndoo. Huo uji ukitiwa dawa yake na kuchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, plastiki inapata nguvu.

Niliwaelewa kwa mfano wa nyumba. Udongo peke yake hupasuka; ukisimamisha fito ndani yake, unakuwa ukuta. Mabua yetu yangekuwa fito za plastiki. Zile ndoo zilizopasuka na madumu yaliyokauka kwa jua, vilivyotapakaa kando ya barabara zote za Nduguti, vingeyeyushwa na kushindiliwa viwe vigoda na mifuniko ya mapipa. Nilisimama mbele ya watu nikaomba sala ya kufungua. Usharika ukatoa bure chumba cha zamani cha watoto wa shule ya Jumapili kiwekwe mashine, kikaundwa kikundi cha akina mama, na walipoulizwa nani atunze ghala, hakuna aliyetaja jina jingine isipokuwa la wifi.

"Mmenichagua kwa sababu siwezi kukimbia na ndoo," alisema, na kila mtu alijua amefurahi.

Wataalamu wakasaga uji wa kwanza, wakajaza ndoo tatu kubwa. Mratibu akamkabidhi wifi ndoo zile mbele yetu sote. Alituambia si chakula, watoto wasionje. Alituambia tufunike vizuri. Alituambia atarudi Jumatatu pamoja na fundi wa mashine na ile dawa ya kuchanganyia. Ni hayo tu aliyosema, na tulikuwa wengi tuliosikia.

Jumatatu ile haikumleta. Wala iliyofuata. Ilikuwa kile kipindi cha kabla ya mvua, ambapo upepo hukauka na bati la chumba kile hulia kwa joto. Siku moja wifi alinijia akiwa amefunga kanga puani.

"Msomi, uji wa wataalamu unachacha."

Nikaenda kuona. Ulikuwa umeanza kutoa harufu kama togwa iliyosahauliwa, na juu yake palikuwa na madoa ya ukungu, ya kijani na meusi. Nikampigia simu mratibu. Alipokea, jambo ambalo namshukuru, nikamweleza neno kwa neno: unachacha, umeshika ukungu, tufanyeje. Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza. Akanijibu kwamba yuko kikaoni, kisha akasema, "Mama, mtunze tu vizuri, tunakuja." Akakata.

Sasa naomba mtu yeyote aliyezaliwa katika nchi yetu hii anijibu. Mtu wa wilaya yetu ya Mkalama akiambiwa atunze vizuri kitu kinachoharibika, atafanya nini? Mvua yetu ni moja kwa mwaka. Tunachokula miezi mingi ni kile tulichokinyang'anya jua likiwa upande wetu. Nyama tunaanika, mboga tunaanika, viazi tunaanika, hata mbegu zenyewe tunazozika ardhini tumezianika kwanza. Kwetu kutunza na kuanika ni kazi moja. Mtu anayetoka mahali penye majokofu anaweza kusikia maneno yale kwa namna yake. Sisi tuliyasikia kwa namna yetu, na hatukuwa na namna nyingine.

Wifi aliondoa ukungu kwa kijiko, akautupa. Uji uliobaki akaumwaga kidogo kidogo kwenye ungo, akautandaza kwa kiganja kama anavyotandaza mlenda uliotwangwa, akaufunika kwa chandarua safi ili nzi wasitue. Ungo ulipojaa akatumia mikeka. Mwingine ukamwagika juu ya jiwe lenyewe. Nilimsaidia kugeuza. Siku ya pili ulikuwa umenywea ukawa utando mwembamba, na siku zilizofuata ukawa mgumu kama kucha. Ndoo tatu zikawa beseni moja dogo. Alishangaa jinsi ulivyogoma kuvunjika. Akautia kwenye kinu, tukatwanga kwa zamu huku akinicheka kwamba mchi wangu unahubiri badala ya kutwanga. Unga ukachekechwa, ukafungwa kwenye mfuko safi, ukaning'inizwa juu ghalani panya wasiufikie. Kwenye ungo ulibaki utando uliong'ang'ania nyuzi za ukindu, haukutoka hata kwa kusugua.

"Wakija watanipa cheti," alisema.

Walikuja siku moja kabla ya wageni. Sikujua mpaka siku hiyo kwamba kulikuwa na wageni, watu wakubwa waliokuwa wanaleta fedha za mradi, waliotaka kuona kigoda kimetengenezwa na kukaliwa. Mratibu alifungua ghala, akaona ndoo tupu, kisha akaona mfuko. Wifi akamweleza kwa fahari jinsi alivyouokoa uji, akamwonyesha hata ungo alioutumia, aliokuwa ameuleta pale ghalani. Yeye akauchukua ule mfuko. Akaingia chumba cha mashine na fundi, mtu mzima kutoka Singida mjini, mpole, ambaye hula bila kuinua macho. Mimi niliwapelekea chai. Mlango ulikuwa wazi.

Fundi alikuwa ameweka unga ule kiganjani akiusugua. Akasema, "Hizi zimeshikana. Zikishakauka bila dawa haziachani tena. Zitakaa ndani kama changarawe, afadhali tusitie kabisa."

Mratibu akajibu, "Changanya. Wanakuja kuona rangi na umbo. Ndani nani ataona?"

Nikaweka vikombe mezani nikatoka. Niliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia mafundi wakibishana juu ya saruji. Nilidhani wanajua wanachofanya, kwa kuwa ndicho walichosomea.

Siku ya wageni kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, ngoma na kwaya. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya kanisa nikisimamia wali. Niliyoyaona mwanzoni niliyaona kwa kuchungulia. Kigoda kilitolewa, cheusi, kinang'aa, na kwa kweli kilipendeza. Mgeni mkubwa, mwanamume mwenye mwili wake, akaombwa akikalie ili apigwe picha. Akakaa. Akatabasamu. Kigoda kikalia kama bua linalokanyagwa, mguu mmoja ukaenda huku na kiti kikaenda kule, na yule mgeni akawa chini kwenye vumbi na suti yake. Hakuumia, Mungu asifiwe. Wakamwinua, wakamfuta, naye akajaribu kucheka.

Hapo ndipo mratibu alipokimbia ghalani. Nilidhani anakwenda kuleta maji. Akatoka na ungo.

Nilisikia mwanzo wa hotuba nikiwa bado jikoni. Alisema changamoto kubwa ya mradi ni uelewa mdogo wa jamii. Alisema, "Ndugu wageni, tumewaletea wenzetu teknolojia ya juu kabisa, wao wameianika kama mlenda." Kicheko cha kwanza kikapita. Kisha akamwita mtunza ghala asimame. Wifi akasimama, kwa sababu kwetu kiongozi akikuambia simama, unasimama kwanza halafu ndipo unauliza. Akamwuliza kwenye kipaza sauti, "Mama, wewe uliambiwa uanike?"

Wifi akasema ukweli: "Sikuambiwa."

"Mnasikia wenyewe," akasema mratibu, na ndipo kilipokuja kicheko kile ninachokisema.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilikuwa na swali moja la kumwuliza, kama aliwahi kumwambia asianike. Nilifika mpaka kwenye kamba ya turubai. Mshereheshaji, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe amri kumi, akaniinamia kwa heshima akanong'ona, "Shikamoo mama, muda umetubana, wageni wana njaa." Ngoma ikapigwa. Wali ukaliwa. Waliokula waliusifu.

Watu wanasema aibu ni kitu cha siku moja. Hawajaishi nyumba moja na aliyeaibishwa. Kesho yake mwanamke mmoja alileta kikapu cha majani ya kunde kama kawaida. Wifi akakirudisha mlangoni. "Kapeleke kwa mwenye uelewa," akasema, bila ukali. Yule mwanamke akadhani ni utani, akabaki amesimama. Haukuwa utani. Wengine waliacha kuja wenyewe. Kisimani wapo waliochekeshana kwamba mtoto wa fulani akilowa mvua asipitishwe kwa mama yule, ataanikwa. Jiwe nyuma ya nyumba likakaa tupu katikati ya jua zuri, na mimi nililiona kila asubuhi nikipiga mswaki.

Lakini lililoniuma zaidi ni kanisani. Jumapili ya meza ya Bwana, safu yetu iliposimama kwenda mbele, yeye alibaki ameketi. Nilimgusa bega. Akasema, "Nimeharibu mali ya watu. Siwezi kwenda na mikono hii." Mikono hii! Mikono iliyokuwa ikilisha kijiji kizima. Nikaenda mbele peke yangu, na sijui kama siku ile nilipokea kwa kustahili, maana nilipiga magoti nikiwa nimekunja ngumi.

Hapo nikajua kinachotakiwa. Wifi hakuhitaji pole. Alihitaji mtu mmoja, yuleyule, aseme mbele ya watu walewale kwamba hakumwambia asianike. Asipolisema, dada wa mume wangu angekufa akiwa ameketi.

Nikaenda Nduguti. Ofisi za huko ni mpya, kuta bado zinanuka rangi. Mratibu alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alinipa shikamoo kabla sijavuka kizingiti, akatoa kiti chake, akaagiza soda. Nikamwuliza taratibu kama alituambia tusianike. Akafikiri, akasema hapana, ilimpitia. Nikamwuliza kama anakumbuka nilichomwambia kwenye simu. Anakumbuka. Nikamweleza nilichokisikia mlangoni nikiwa na vikombe vya chai. Akakubali na hilo.

Nilifurahi. Nilidhani kazi imekwisha. Akainama chini ya meza, akatoa kitenge kizuri na mfuko wa sukari.

"Mpelekee mama, mwambie nimeomba radhi. Tuyamalize hapahapa, mama."

Nikamwambia, "Mwanangu, neno ulilisemea uwanjani. Unataka ulifutie ofisini?"

Akaanza kunieleza. Wafadhili wakisikia kosa ni la mratibu watasimamisha fedha. Mashine itaondolewa. Akina mama wote watakosa. Kosa la kijiji linasameheka, alisema, kwa sababu wafadhili wanalitegemea. La mtaalamu halisameheki. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayebembeleza, kama ninataka mradi ufe kwa ajili ya ungo.

Swali lake lilikuwa na uzito, na mimi si mtoto. Nilizipenda zile mashine. Nilipenda wazo la kwamba Mungu alificha fito ndani ya bua la alizeti tangu siku ya kuumba, na zimeonekana nikiwa bado hai. Mpaka leo nalipenda. Ila nilijiuliza ni ukuta gani huo utakaosimama kwa sharti kwamba mwanamke mmoja alale chini yake. Nikakisukuma kitenge upande wake wa meza. Nikaomba angalau anipe ungo, walioondoka nao siku ile ya wageni, nirudi nao.

Akaona haya. Akasema ungo haupo pale. Walikuwa nao wenzake, wameuchukua kuwafundishia vikundi vya vijiji vingine, kama mfano wa kosa la kuepuka.

Nisamehewe, lakini nilisimama soda ikamwagika. Ina maana walikuwa wanautembeza. Ungo wa mama mkwe wangu, uliosukwa kwa mikono ya marehemu, ulikuwa unapita vijiji ukimcheka mwenye ungo. Na somo lenyewe waliokuwa wakilitoa, usianike uji kabla ya dawa, ndilo hasa walilokuwa wanadaiwa kutuambia sisi. Maneno ambayo kwetu hayakupatikana, huko yalipatikana kwa wingi.

Niliporudi sikumwambia wifi. Wapo walionishauri subira, na miongoni mwao mchungaji wetu, mtu mwema. Subira naijua. Nimengoja mvua, nimengoja mume miaka aliyokuwa mgonjwa, nimengoja watoto. Ila niliona watu wanamshauri subira aliyekanyagwa, na aliyekanyaga hakuna anayemwambia aondoe mguu.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Kwetu siku hiyo kila nyumba huleta ilichojaliwa: jogoo, mtama, dumu la mafuta, asali, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa mlangoni pa kanisa. Tuna desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mnadishaji haruhusiwi kutaja bei kabla mtoaji hajasimama na kusema kitu hiki ni nini na kimetoka mkononi mwa nani. Na mnunuzi wa kwanza lazima ajibu kwa neno, aseme amekipendea nini, ndipo atoe fedha. Wazee waliiweka ili sadaka isigeuke gulio. Kila mwaka mlenda mkavu wa wifi ulikuwa unagombaniwa. Mwaka huu hakuwa na kitu.

Alfajiri alinikuta juu ya jiwe na kisu. Nilikuwa nabandua ule uji uliomwagika pale na kukauka, vipande vyepesi vinavyopitisha mwanga, kama magamba ya samaki.

"Msomi, unafanya nini na uchafu huo?"

Nikamwambia natafuta sadaka. Akasema kwa Kinyiramba chetu neno ambalo sitaliandika, kisha akaenda kuvaa. Nadhani alikuja kanisani kwa kuogopa nitakachofanya, na si kwa sababu nyingine.

Mratibu alikuwepo, ameketi mbele. Alialikwa kwa sababu ya kile chumba, na kwa kuwa hununua kwa moyo mkunjufu. Zilinadiwa kuku, ukanadiwa mtama. Zamu yangu ikafika, nikasimama na bakuli. Mnadishaji akachungulia ndani, akaniuliza hii ni dagaa au nini. Watu wakacheka kidogo, kicheko kizuri.

Nikasema kama desturi inavyotaka. Nilisema haya ni mabua ya alizeti yetu, yaliyosagwa na wataalamu yakawa uji. Yametoka mkononi mwa wifi yangu, aliyeyaanika yalipoanza kuoza, baada ya mimi kupiga simu nikaambiwa tutunze vizuri. Hakuambiwa aanike, alilisema mwenyewe uwanjani na mlimsikia. Leo nauza vipande hivi kwa yeyote anayejua kama aliambiwa asianike.

Mnadishaji akamtazama mchungaji, na mchungaji akatazama viatu vyake. Mratibu akainuka. Alikuwa na noti nyekundu kadhaa mkononi, akazinyoosha, akasema anakinunua chote.

"Neno kwanza," mzee mmoja wa usharika akasema kutoka nyuma. Ndiyo desturi, wala sikumtuma.

Mratibu akasafisha koo. Akasema katika utekelezaji wa mradi kulikuwa na upungufu wa mawasiliano.

Nikamwambia, "Upungufu hauna mdomo, mwanangu. Nani hakumwambia?"

Namkumbuka alivyosimama. Alitazama noti, akatazama mlango wa chumba cha mashine, na mimi nilijua anafikiria wafadhili, na sikumwonea furaha. Hatimaye akasema, "Mimi. Sikumwambia. Na fundi aliniambia unga haufai, nikasema uchanganywe." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mama hana kosa."

Hakuna aliyepiga makofi. Wote tulikuwa tumecheka siku ile au tumesikia kicheko tukala wali, na nadhani kila mmoja alikuwa anakumbuka alipokuwa amesimama. Tulisikia kanga ikisogea. Wifi alikuwa ameinuka nyuma kabisa, karibu na nguzo.

"Basi nirudishie ungo wangu," akasema.

Ni hilo tu alilosema. Jumapili iliyofuata meza ya Bwana ilipoandaliwa, alisimama kabla yangu na kunikanyaga mguu kwa haraka yake.

Mradi haukufa. Fedha zilisimama kwa muda, wageni wakauliza maswali yao, na kwa miezi kadhaa mashine zilifunikwa maturubai na akina mama wengine walinipita njiani bila salamu. Nililipokea hilo. Sasa wanasaga tena, na vigoda vinavyotoka vinakaliwa na watu wenye miili. Kila ndoo ya uji ikijazwa, fundi husimama mlangoni na kusema kwa sauti usianike, usianike, hata kama hakuna aliyeuliza.

Ungo ulirudi, lakini mratibu hakuuleta mwenyewe. Ulikuja umefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, ukingo wake mmoja umevunjika, na dereva hakujua umetoka kwa nani. Mpaka hapo alikuwa na nafasi ya kuja kwa miguu yake, anywe chai kwetu, auweke mikononi mwa mwenyewe. Hakuja. Namtaja kila asubuhi katika maombi, kwa kuwa nimeagizwa kuwaombea watu, na kila nikimtaja nauona ule ukingo.

Wifi aliushona kwa ukindu mpya. Ule utando wa uji bado umeng'ang'ania katikati, mgumu, hautoki. Anasema majani hayanasi hapo, yanakauka upesi na kuachia yenyewe. Mwanamke wa kwanza kurudi na kikapu cha kunde alisimama mbali kidogo na mlango, hajui kama atapokelewa. Wifi akamwacha asimame hivyo makusudi, akajifuta mikono polepole.

"Nianike leo," akamwuliza, "au tuwasubiri wataalamu?"

Kisha akachukua kikapu, akapanda nacho jiweni.